Hereni ya Tatu

Harufu ya uzi wa nailoni unaoungua haina ndugu. Si ya plastiki, si ya nywele, ingawa imeazima kidogo kwa kila moja. Juzi nilipeleka mkoba wangu kwa fundi mmoja mjini Nakuru, mzee wa miwani mizito. Akashona mkanda uliokuwa umekatika, kisha akawasha kiberiti akachoma ncha ya uzi ili fundo lisifunguke. Moshi ule mdogo, safari hii ukitoka mkononi mwa mtu mwingine, uliponifika puani nilisahau nilichokuwa nikisema. "Madam, uko sawa?" akaniuliza. Nikamwambia niko sawa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaondoka pale. Nilikuwa Kiamunyi, nina miaka tisa, nimekaa chini ya meza ya Mama nikichungulia hereni.

Mama alikuwa akitengeneza mapambo: hereni, vidani, bangili, vibanio vya nywele, na mikoba midogo ya shanga isiyoweza kubeba kitu zaidi ya simu na leso. Alifanyia kazi sebuleni, kwenye meza ileile tuliyolia chakula, kwa hiyo nyumbani kwetu halikuwa jambo la ajabu kutafuna ugali ukasikia kitu kikigonga jino. Baba, aliyekuwa akifanya kazi kwa zamu katika kiwanda cha unga, alikuwa na desturi ya kuchambua sukuma wiki yake kwa uma kabla ya kuila, kama mtu anayetafuta mifupa ya samaki. Mama alikuwa akimwambia bila kucheka, "Ukipata ya buluu unirudishie. Zimeniishia."

Asubuhi alituamsha, akatuchana nywele, akatufunga tai za shule, na muda huo wote alikuwa na kulabu mbili tatu za hereni amezibana midomoni. Maagizo yetu ya asubuhi tuliyapata kupitia meno. Mpaka leo mtu akininong'onezea kwa meno yaliyobana, mkono wangu unaenda shingoni kutafuta tai.

Nje ya lango letu, kando ya barabara, kulikuwa na kibanda cha mabati kilichopakwa rangi ya waridi. Juu yake Baba alikuwa ameandika kwa brashi, MAMA PACHA FASHIONS. Nitawaeleza jina hilo lilivyokuja, maana ndilo lililokuwa likinikereketa.

Dada zangu wawili ni mapacha. Kwetu sisi Wajaluo, mapacha wa kike hawatafutiwi majina, majina yanawangoja. Anayetangulia kutoka ni Apiyo, anayemfuata ni Adongo. Dada zangu walifanana mpaka mwalimu wao akawaambia wakae madawati ya mbali ili awe na hakika anampiga nani. Mama, ambaye hakuwahi kwenda shule ya biashara, aliliona jambo hilo mapema: aliwavisha sare, akawatundika hereni mpya masikioni, akawasimamisha kibandani siku za Jumamosi. Wanawake waliokuwa wakienda zao walisimama kuwatazama mapacha, wakawashika mashavu, na kabla hawajaondoka walikuwa wamenunua kitu. Ndiyo maana Mama akawa Mama Pacha, na kibanda kikawa Mama Pacha.

Mimi nilizaliwa miaka mitatu baada yao. Mtoto anayezaliwa nyuma ya mapacha naye jina lake linamngoja: akiwa msichana, ni Akelo. Basi mimi ni Akelo. Jina lenyewe linatangaza kwamba wakubwa wameshapita, na huyu ndiye amekuja nyuma yao. Kana kwamba hilo halitoshi, shangazi yetu, dada yake Baba, alikuwa na maneno aliyoyarudia kila alipotutembelea kutoka Kisumu. Alikuwa akiwapakata mapacha mmoja kila upande, ananitazama mimi niliyesimama mbele yake, kisha anasema kwa mapenzi kabisa, "Na huyu sasa alikuja bila kuagizwa." Watu wazima walicheka. Nami nilicheka, maana mtoto hucheka na wanaocheka.

Sasa niwarudishe chini ya meza. Kila Mama alipomaliza hereni, alizipanga juu ya kitambaa cheupe. Na kila mara zilikuwa tatu. Nilipotoka shule nilizikuta tatu. Si mbili, jinsi masikio yalivyo, bali tatu. Mbili alizitundika kwenye kadi akazipeleka kibandani. Ile ya tatu aliipachika kwenye kipande kidogo cha karatasi ngumu, akaandika jina kwa penseli, akaitia ndani ya mkebe wa biskuti, akafunga.

Nilikuwa mtoto wa maswali. Wazee wanasema kuuliza si ujinga, lakini waliosema hivyo hawakumjua mama yangu. Ukimuuliza Mama swali, alikupa kazi. Nilipomuuliza mara ya kwanza, "Mama, ya tatu ni ya nini?" nilipewa kuokota shanga zilizomwagika chini ya kochi. Nilipouliza mara ya pili nilitumwa nyanya sokoni. Mara ya tatu alinijibu, "Akiba haiozi," halafu akanipa sufuria niisugue. Nikaona heri nifanye uchunguzi wangu mwenyewe.

Kwanza nilidhani Mama hajui kuhesabu. Hilo nililiacha baada ya siku moja, maana alijua idadi ya mandazi kwenye sahani hata akiwa jikoni. Kisha nikadhani kuna wateja wa sikio moja. Nilikaa kibandani Jumamosi mbili nikiwatazama wateja pande zote mbili za kichwa, na kila mmoja alikuwa na mawili. Nikadhani labda ni sadaka, fungu la kumi, ila kanisani sikuwahi kumwona Mama akitia hereni kwenye kapu. Mwishowe nikafika mahali ambapo mtoto wa tatu lazima afike. Niliamua kwamba zile za mkebeni zilikuwa zimezidi. Mama alikuwa amezidisha bila kukusudia, zikatokea bila kuagizwa, na kwa kuwa alikuwa na huruma hakuweza kuzitupa. Kwa hiyo alizifungia.

Nilianza kuzionea uchungu. Nilikuwa nikiufungua mkebe Mama akiwa jikoni, nazitazama: ya shaba, ya pembe, ya shanga nyekundu, kila moja peke yake. Nilizijua zote.

Jumamosi moja Mama alienda mjini kununua kulabu na nyaya. Baba alikuwa zamu. Mapacha waliachiwa kibanda, lakini saa nane walikuwa na mazoezi ya kwaya, wakaniambia nikae dakika kumi tu. Upepo wa mchana ulikuwa ukishuka kutoka Menengai na vumbi jeupe linalopaka kila kitu unga, na barabarani hapakuwa na mtu. Nikaingia ndani nikauchukua mkebe.

Sikutaka ubaya. Nilikuwa nafanya harusi. Nilizitoa zile hereni kwenye karatasi zao na kuziozesha mbilimbili, ndefu na fupi, nyekundu na ya shaba, nikazitundika kwenye kadi mpya ili nazo zipate kutazamwa. Zilipopangwa mbele ya kibanda nilijisikia mtu mwema sana.

Akaja msichana mmoja mkubwa, mwanafunzi wa chuo, amebeba vitabu kwapani. Alipita zile zinazofanana bila kuzitazama. Akasimama mbele ya harusi zangu.

"Sasa?" akanisalimu.

"Poa."

"Hizi hazifanani, ama ni macho yangu?"

"Hazifanani," nikasema, nikaogopa.

"Wacha! Hizi ndio nimekuwa nikitafuta."

Akachagua jozi moja: upande mmoja duara la shaba, upande wa pili hereni ndefu ya shanga za buluu na nyeupe, buluu nzito kama wino. Akazivaa papo hapo, akalipa, akaondoka. Niliona haya kumtazama usoni kwa furaha, nikatazama viatu vyake. Vilikuwa raba nyeupe, kamba ya kiatu kimoja nyekundu na ya kile kingine nyeusi.

Mapacha walirudi, wakaona niliyoyafanya, wakashika vichwa. Tulizirudisha zote kwenye karatasi zake mbio mbio. Zile karatasi mbili zilizobaki tupu, ya shaba na ya shanga za buluu, tulizisukumia chini kabisa ya mkebe. Fedha tuliziweka na fedha nyingine, tukaapa kunyamaza.

Tulinyamaza mwezi mzima. Kisha akaja Gogo Rael.

Gogo Rael, na gogo kwa lugha ya kwao ni bibi, alikuwa mkulima wa viazi kutoka Kuresoi, mwanamke mrefu, mkimya, aliyekuja Nakuru mara chache akiwa amevaa koti la sufu hata jua likiwaka. Masikio yake sikuwahi kuona mfano wake. Alipokuwa msichana yalikuwa yametobolewa na kuvutwa kwa mila ya kwao, halafu alipookoka akaenda hospitali yakashonwa. Kwa hiyo ndewe zake zilikuwa na mstari wa kovu, na Mama alimtengenezea kulabu fupi zisizovuta. Mwaka uliotangulia alikuwa amemletea Mama ushanga wa marehemu mama yake, umekatika, umebaki shanga chache tu ndani ya kitambaa. Ndizo Mama alizitengenezea hereni.

Siku hiyo alifika akiwa na hereni moja tu. Ile nyingine ilikuwa imedondoka wakati wa kupakia magunia ya viazi, na lori lilikuwa limeshaondoka.

"Mama Pacha," akasema baada ya kumaliza chai, "mjukuu wangu anaolewa baada ya wiki tatu. Nilikuwa nimesema nitazivua mbele ya watu nimvalishe, kama vile mama yangu alinivalisha ushanga wake. Ulisema ile ya kwako utaniwekea."

"Iko, Gogo. Iko," Mama akasema, akaenda kuchukua mkebe. Alitembea kwa kujiamini kabisa, na mimi niliyekuwa mlangoni nikauona mgongo wake ukielekea kabatini, na kwa mara ya kwanza nikaelewa hereni ya tatu ni ya nini.

Hazikuwa zimezidi. Kila moja ilikuwa na mtu wake. Yale majina ya penseli yalikuwa ya wateja: huyu akipoteza moja, atarudi, ataikuta. Shanga hazirudii rangi. Ukinunua leo nyekundu, mwezi ujao nyekundu ile haiji tena. Hizi za Gogo ndizo hazingerudi kabisa, maana mwenye kuzivaa alikuwa amelala kaburini Kuresoi.

Mama alipindua karatasi moja moja. Akaipata ya Rael, ina matundu mawili na haina kitu. Hakuniita kwa sauti. Alisema tu, "Akelo," bila kugeuka. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza: mapacha walikuwa shuleni kwa masomo ya ziada, na mimi nilikuwa peke yangu.

"Mwambie Gogo," Mama akasema.

Nilimwambia. Nilimwambia yote, pamoja na harusi za hereni, nikilia mpaka kamasi zikanichuruzika. Nilingoja kupigwa. Gogo Rael alinisikiliza huku ameshika kikombe kitupu. Sikujua kama amekasirika. Alipoongea, alimwongelesha Mama.

"Huyu ndiye aliiuza?"

"Ndiye huyu."

"Basi ndiye anajua ilienda wapi."

Akapeleka mkono sikioni, akaivua ile iliyobaki, akanipa. Nilirudi nyuma. Mama naye akasema, "La, Gogo, na hiyo tena?" Gogo akaniwekea kiganjani, akanifunga vidole.

"Shika. Utatambua mwenzake kwa hii."

Mama aliipachika ndani ya ukosi wa sweta yangu ya shule kwa pini, mahali ambapo ningeweza kuigusa. Kisha, kama kawaida yake, akanipa kazi. "Kila ukitoka shule, na Jumamosi kutwa, utakaa kibandani. Angalia masikio."

Nawaambia, mtu hajui masikio mpaka atazame ya wilaya nzima kwa wiki tatu. Kuna masikio yanayosimama na yanayolala. Kuna ya akina mama wa kanisa moja wasiotoboa, laini kama ya watoto. Kuna ya mabibi yaliyovutwa yakashuka hadi taya, na wenyewe wameyakunja juu yasiwasumbue. Kuna wanaume wenye tundu moja la zamani wanalolificha kwa kofia. Niligundua kwamba mtu anayedanganya bei hushika sikio, na kwamba mapacha wetu, waliosemekana kufanana kama maharagwe, walitofautiana masikio: la Apiyo limekunjika juu, la Adongo halijakunjika. Nilikuwa nimeishi nao miaka tisa bila kuliona hilo. Hofu ilikuwepo, nilikuwa nikiigusa ile hereni kila baada ya dakika moja kuhakikisha bado iko, lakini siwezi kuwadanganya: nilifurahia kutazama.

Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Mama hakuniuliza kitu. Nilimwona usiku baada ya chakula akichukua shanga za buluu za kila aina, anazilinganisha na ile ya ukosi wangu, anatikisa kichwa, anazirudisha. Mapacha, ambao walijua wana sehemu yao katika kosa lile, walianza kunipa nyama zao.

Alhamisi ya wiki ya tatu, siku mbili kabla ya harusi, nilitumwa kusaga mahindi. Pale kinuni hakuna masikio ya kutazama. Kila mwanamke anajifunga kitambaa kichwani kwa ajili ya vumbi la unga, na kelele za mashine zinakufanya uangalie chini. Niliangalia chini. Mbele yangu kwenye foleni kulikuwa na raba zilizokuwa nyeupe zamani, kamba moja nyekundu, moja nyeusi.

Niliishika sketi yake kwa nguvu hata akaruka.

"Niaje, wewe! Unataka kuniangusha?"

Niligeuza ukosi nikamwonyesha. Alitazama, akainama, kisha polepole akakifungua kitambaa chake. Zilikuwepo. Ile duara upande huu, ile ndefu upande ule, zimepakwa unga.

Tulitoka nje ya kinu ili tusikilizane. Nilimweleza, nikichanganya lori, mjukuu, mama yake Gogo na Kuresoi, na alinikatiza mara mbili kuuliza nani ni nani. Aliponielewa aliigusa ile ndefu sikioni.

"Lakini hii niliinunua," akasema.

"Ndio."

"Na naipenda. Nimefanya nayo mtihani. Si ati naamini mambo ya bahati, lakini nilipita yote."

"Ndio," nikasema tena. Nilifikiria Gogo akisimama mbele ya watu na sikio moja tupu kwa sababu yangu, na machozi yakaanza upya.

"Aii, usilie bana, watu watasema nimekupiga." Akaivua. Akaipangusa unga kwa kitambaa, akaishika kando ya ile ya ukosi, akazilinganisha kwa muda mrefu, nadhani kwa udadisi kama wangu. "Zinafanana kweli. Enda umpatie. Lakini mimi nitabaki na moja, hiyo mtaisort aje?"

"Mama atakutengenezea."

"Sitaki ya kufanana!"

Nilikimbia hadi nyumbani. Mahindi niliyasahau kinuni, na Baba ndiye aliyeenda kuyachukua.

Gogo Rael alikuja Ijumaa akiwa safarini kununua nguo za harusi. Mama alimvalisha zote mbili kwa mikono yake. Gogo alijitazama kwenye kioo cha kibanda, akageuza kichwa huku na huku, kisha akaniwekea kiganja kichwani, akakiacha pale, kizito na chenye joto. Mama akamwambia, "Gogo, sasa hakuna tena. Hii ikipotea, basi." Na yule msichana wa kamba za viatu alitengenezewa hereni moja ya nyekundu na nyeusi. Msidhani Mama aligeuza hilo kuwa biashara. Watu waliiona, wakaagiza za namna hiyo, akawakatalia. Alisema yeye hauzi ajali.

Ningekuwa mtoto wa kawaida habari ingeishia hapo. Lakini nilikuwa nimeelewa hereni ya tatu ni ya nini, na ufahamu ule haukukubali kukaa mahali pake. Kama ya tatu inawekwa kwa sababu mojawapo ya zile mbili inaweza kupotea, basi je, mimi? Nilimtazama Apiyo, nikamtazama Adongo. Walikuwa wazima wa afya. Siku kadhaa niliwafuatafuata, nikiwakataza kuvuka barabara ovyo, wakanifukuza.

Jumapili baada ya ibada nilimkuta Mama mezani peke yake, mshumaa wake umewaka kwa ajili ya kuchoma uzi.

"Mama, Apiyo akipotea, mimi ndio nitawekwa mahali pake?"

Mkono wake ulisimama. Alizitoa kulabu midomoni, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu yeyote ila pasta. Alinitazama mpaka nikajuta kuuliza. Kisha, kama mnavyomjua sasa, akanipa kazi.

"Vuta kiti. Kaa hapa. Usitoke mpaka nimalize. Unataka rangi gani?"

"Machungwa na kahawia. Nani ameagiza?"

"Hakuna mtu ameagiza."

Akaanza. Alitunga shanga, akatazama, akazifungua. Akatunga tena kwa mpango mwingine, akakunja waya, akaukunjua. Alizifumua mara nne. Nilijaribu kukaa, Mungu ananiona. Lakini nje watoto wa jirani walikuwa wakicheza kati, ule mchezo wa kumlenga mpira aliye katikati, niliusikia mpira wa karatasi ukimgonga mtu na kelele zikipanda. Mama alikuwa ndiyo kwanza amefunga fundo la hereni moja. Nikasema, "Mama, niende kidogo?" Akasema, "Nenda," bila kuinua macho. Niliporudi, hereni zilikuwa tatu juu ya kitambaa, kama siku zote. Mkebe ulikuwa umehamia juu ya kabati, na sikuugusa tena utotoni. Swali langu nililihesabu kuwa halikujibiwa, nikakua nalo.

Apiyo sasa yuko Kisumu, Adongo ameolewa Eldoret, na kila mmoja ana nyumba yake na shughuli zake. Mimi niko hapahapa, kutembea dakika kumi hadi kwa Mama. Macho yake yalipoanza kukataa matundu ya shanga, biashara ilinijia mimi, pamoja na meza, pamoja na watoto wangu wawili wanaotema shanga kwenye uji. Naogopa nami hutoa maagizo ya asubuhi kupitia meno.

Hereni zangu za kwanza nilizitengeneza nikiwa mtu mzima, kwa mfano wangu mwenyewe, si kwa kunakili za Mama. Ya kwanza ilinichukua mchana kutwa. Nilitunga nikafumua, nikakunja nikakunjua, hakuna aliyeniagiza, nilitaka tu kuona kilichokuwa kichwani mwangu kikitokea mkononi. Ilipokubali, nilitengeneza nyingine mbili kwa kuitazama, na hizo zilitoka haraka, safi. Nikazipanga tatu juu ya kitambaa ili nichague mbili za kupeleka kibandani. Hapakuwa na kuchagua. Mbili zilikuwa laini na mpya. Moja ilikuwa na alama za koleo kwenye waya, uzi wake umechoka kwa kufunguliwa, na ndiyo niliyoipenda. Nikainua mkono kuitia mkebeni, na mkono ukakwama hewani.

Ya tatu ilikuwa ya kwanza. Miaka yote ile nilizikuta mezani zikiwa zimeshapangwa, nikazihesabu kutoka upande usiofaa.

Nilitoka hivyohivyo na ndara zangu hadi kwa Mama. Alikuwa barazani anachambua kunde kwa kupapasa. Nikamwambia, "Mama, unakumbuka siku moja nilikuuliza swali, ukanikalisha ukatengeneza hereni?"

"Swali kubwa vile," akasema, "na ukakimbilia kati."

"Ungeniambia tu kwa mdomo."

Alichambua kunde kidogo. "Wale wawili waliagizwa," akasema. "Nyanya yako alikuwa anataka wajukuu, baba yako alikuwa anataka, kanisa lote lilikuwa likiniombea. Wewe hakuna mtu aliniuliza. Biashara ilikuwa changa, mapacha wananishika miguu, kila mtu aliona nimeshamaliza. Nilikutaka tu."

Nilikaa chini kando yake nikachambua kunde naye mpaka zikaisha.

Jioni hiyo niliumwaga mkebe wote kitandani, nikasoma zile karatasi moja moja, majina ya wanawake wa Kiamunyi, Mau Narok, Molo, wengine wameshatangulia mbele ya haki. Karibu na chini niliikuta hereni ya machungwa na kahawia. Waya wake ulikuwa na alama za koleo. Kwenye karatasi, mahali pa jina la mteja, Mama alikuwa ameandika Akelo.

Naivaa sikio la kulia. La kushoto navaa chochote kilicho karibu. Wateja wakiniuliza zinazofanana nayo ziko wapi, nawaambia ziliuzwa.